Nijifunze manyuali au oto? Kwa dada wa Uyole anayeshuka Kyela kila mwezi

"Habari za kazi mwalimu. Naishi Uyole hapa Mbeya, nina miaka 36, nafanya biashara ya mchele na kila mwezi nashuka Kyela kufuata mzigo na kumuona mama. Mume wangu anatafuta gari, tumeshaona Vitz na IST, zote oto. Nataka kuanza kujifunza ila kila mtu ana lake. Shemeji anasema ukijifunza oto wewe sio dereva, na kwamba oto kwenye milima ni hatari, breki zinakata na gari haina gia ya kukusaidia. Rafiki yangu anasema manyuali zinaisha duniani, kwa nini nijitese. Alafu goti langu la kushoto lilishawahi kuumia, nikisimama sana linauma mpaka leo. Na mdogo wangu kamaliza kidato cha nne, anataka kuendesha malori ya Tunduma, yeye tumlipie ipi? Kusema ukweli naogopa sana ule mteremko wa kushuka Kiwira."

Dada yangu, ahsante kwa kueleza vizuri hivi, na pole na hilo goti. Nikikusoma naona maswali mawili yameshikana, moja la gia na moja la mlima, na naona hilo la mlima ndo linalokusumbua zaidi, lile la gia watu wamekuongezea tu. Kwahiyo nitakujibu yote ila muda mwingi nitakaa mlimani kwasababu huko ndo watu wetu wanapoumia.

Jibu lenyewe ni hili: wewe jifunze oto, mdogo wako ajifunze manyuali. Ila nina sharti moja kwako na naomba ulishike, mwalimu wako akufundishe herufi zote zilizopo kwenye ile gia, sio D peke yake. Huku kwetu watu wengi wanaojifunza oto wanafundishwa P ya kupaki, R ya kurudi nyuma na D ya kwenda mbele, wanazungushwa kiwanjani na kwenye barabara tambarare, wanapata leseni, alafu kesho yake wanapanda Isongole kuelekea Tukuyu na gari ipo kwenye D mwanzo mwisho. Mtu huyo akiunguza breki watu wanasema oto mbaya. Hapana, hakufundishwa tu.

Sasa tuanze na shemeji yako maana ana ukweli kidogo ndani ya maneno yake. Sio kweli kwamba oto haina gia. Ina gia kama manyuali, tofauti ni nani anabadilisha. Kwenye manyuali unakata mwendo wa injini kwa klachi, unaweka namba unayotaka, unaachia klachi, basi. Kwenye oto ya kawaida ile kazi ya klachi inafanywa na oili ndani ya giaboksi, na kompyuta ndo inaamua sasa hivi namba 2, sasa hivi namba 3. Gari zingine kama Vitz nyingi hazina hata namba zilizotengana, zina mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili, ndo hizo wanaita CVT. Ila zote hizo zina njia ya wewe dereva kuiambia gari "usipande juu ya hapa". Njia hiyo ndo hizo herufi na namba ambazo hakuna mtu anakueleza.

Nikueleze kwanza kwa nini ni muhimu. Kutoka Uyole unapanda mpaka maeneo ya Isongole na Isyonje, pale upo zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ndo maana kuna baridi ile na ukungu. Alafu unashuka Kiwira, Tukuyu, mpaka Kyela ambako ziwa lenyewe lipo chini ya mita 500. Yaani gari yako inashuka kama kilomita moja na nusu kwenda chini. Gari ya tani moja ikishuka kimo hicho, nguvu inayotakiwa kuzuiwa njiani, kama yote ingegeuka joto, ingechemsha maji zaidi ya lita 40. Upepo na matairi vinachukua sehemu yake lakini kinachobaki ni kingi bado, na kina sehemu mbili tu za kwenda, kwenye breki au kwenye injini. Breki za Vitz ni ndogo sana dada, ukikaa umekanyaga kidogo kidogo kutoka juu mpaka chini, pedi zinapata moto mpaka zinapoteza ule mshiko, unakanyaga kwa nguvu gari haisimami vizuri. Mbaya zaidi ile oili ya breki inanyonya unyevu kadri inavyokaa. Oili ya aina ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205 hivi, ila ikishanyonya unyevu inaweza kuchemka kwenye 140. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabanwa, kwahiyo pedo inazama mpaka chini kama hakuna kitu. Hiyo ndo "breki kukata" anayoisema shemeji, na inaipata manyuali sawasawa na oto kama dereva anashuka kwa breki peke yake.

Injini ndo msaidizi wako. Ukitoa mguu kwenye mafuta huku gari ipo kwenye gia, mlango wa hewa unajifunga, sasa matairi ndo yanazungusha injini badala ya injini kuzungusha matairi, na injini inahangaika kuvuta hewa ambayo haipiti. Kuhangaika huko ndo kunakuzuia. Na gia ikiwa ndogo, kila tairi likizunguka mara moja injini inalazimishwa kuzunguka mara nyingi zaidi, kwahiyo inakushika zaidi. Haina pedi za kuungua, inaweza kukushika kutoka juu mpaka chini.

Hapo ndo ule ukweli wa shemeji ulipo. Dereva wa manyuali akifika juu ya mteremko anaweka namba 2 au 3 kwa mkono wake, kazoea, hata hafikirii. Oto ukiiacha kwenye D, ukitoa mguu kwenye mafuta nyingi zinaona kama umepunguza kazi, zinapanda gia kubwa, na gia kubwa haikushiki, gari inakimbia. Gari zingine za siku hizi zinajua kuwa ni mteremko zinashusha zenyewe, ila usiitegemee hiyo kwenye gari uliyonunua mkononi ambayo hujui historia yake.

Kwahiyo fanya hivi. IST na gari nyingi za umri wake utakuta D, chini yake 2 na L, na pembeni mwa gia kuna kitufe kidogo kimeandikwa O/D. Ukifika juu, kabla hujaanza kushuka, sio katikati, toa mguu kwenye mafuta, punguza mpaka mwendo unaotaka kushuka nao, alafu bonyeza hicho kitufe. Taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi, maana yake umeikataza ile gia kubwa ya mwisho. Usiogope ile taa, sio ubovu, nimeona watu wanakuja na gari wanasema kuna taa imewaka kumbe mtoto kabonyeza. Ukiona bado inakimbia, kanyaga breki ishuke kwenye 40 hivi, vuta iende 2. Injini italia, mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, utapanda labda 3,000 au 4,000 na utasikia kama unaiumiza gari. Huiumizi, mstari mwekundu upo mbali bado, hiyo sauti ndo sauti ya breki zako kupumzika. L iache kwa mteremko mkali sana wa mwendo wa kutambaa. Kwenye Vitz ya CVT hutaona 2 na L, utaona S na B, S inashika kiasi, B inashika zaidi, utaratibu ni uleule. Na bado utatumia breki, ila unakanyaga kwa uhakika, mwendo unashuka, unaachia kabisa zipoe, unakanyaga tena. Usiegemeze mguu pale juu juu.

Kuna tabia nyingine ambayo naipigia kelele kila siku, kuweka fri, yaani kuitoa gari kwenye gia, mteremkoni ili kuokoa mafuta. Madereva wa zamani walifundishana hivyo na vijana wameirithi. Kwenye gari ya sindano, ambayo kompyuta ndo inapima mafuta ya kupuliza kwenye injini, yaani karibu kila gari utakayonunua leo, ukishuka ukiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta, kompyuta inakata mafuta kabisa kwasababu matairi ndo yanazungusha injini. Ukiweka fri, injini inabidi ijitegemee isizime, inakunywa mafuta. Kwahiyo unatumia mafuta zaidi na umepoteza msaidizi wako, tena ukizima injini kabisa ndo umeua na nguvu ya usukani na ule wepesi wa breki. Ukipanda gari ya mtu ukaona anaweka fri pale anaposhuka Kiwira, mwambie ukweli, kwa heshima lakini mwambie.

Na ikitokea siku pedo imekuwa laini au inazama, usipige kelele ukakaa, pampu pedo haraka haraka, shusha gia mpaka 2 kisha L au B, vuta hendibreki pole pole usiinyanyue ghafla, tafuta pembeni palipo na kilima au ukingo. Ukishasimama acha zipoe zenyewe nusu saa na zaidi, usimwagie maji, chuma cha moto kikipata maji baridi kinaweza kupinda au kupasuka. Alafu usiendelee na safari kwa kubahatisha, mwite fundi aje pale pale.

Nirudi kwenye goti maana hilo shemeji hajaligusa na kwangu lina uzito. Klachi inakanyagwa na mguu wa kushoto. Ukiwa safarini Makambako huko hutaiona shida, ila chukua ile foleni ya Mwanjelwa kwenda Kabwe jioni, au sehemu yoyote barabara inapojengwa, unakanyaga na kuachia, unakanyaga na kuachia, na kila ukiwa kwenye kilima unaishikilia katikati gari isirudi nyuma. Goti lililowahi kuumia linachoka kwa hilo, na goti likichoka unaachia klachi vibaya, gari inazima mbele ya lori. Kabla hujalipa ada yoyote ya manyuali kaa kwenye gari ya mtu ikiwa imezimwa, kanyaga klachi kama mara 30 kwa mwendo wa kawaida uone kesho yake goti linasemaje. Likivimba au likiuma usiku, nenda kwa daktari wa mifupa au mtu wa fiziotherapia akuangalie kwanza, hilo sio la mwalimu wa udereva wala la kuvumilia. Kwenye oto mguu wa kushoto haufanyi kazi yoyote, na naomba ubaki hivyo, umeweka pembeni umetulia. Mguu wa kulia ndo unakanyaga mafuta na uleule ndo unakanyaga breki. Wanaokuja kutoka manyuali ndo wanahangaika hapa, mguu wa kushoto unatafuta klachi haupo unaangukia kwenye breki kwa nguvu zote, watu wote mbele kwa mbele.

Rafiki yako naye yupo sahihi nusu. Japani, ambako gari zetu nyingi zinatoka, karibu gari zote mpya ndogo ni oto, na tangu 1991 wana leseni ya oto peke yake. Mwaka 2025 wakageuza na mafunzo yenyewe, mwanafunzi anaanza na oto, anayetaka manyuali anaongezewa masaa. Ujerumani kuanzia 2021 unaweza kufanya mtihani kwa oto na ukaruhusiwa manyuali, ili mradi umesoma masomo kumi ya manyuali na shule ikakupima. Uingereza ukifanya mtihani na oto, manyuali huruhusiwi kuiendesha peke yako mpaka ufanye tena mtihani kwa manyuali. Kenya wana daraja lake kabisa la gari dogo la oto. Na gari za umeme zinazokuja hazina klachi na nyingi hazina hata gia za kubadilisha, tena zenyewe mteremkoni zinarudisha umeme kwenye betri, yaani ule ushukaji wa Kitonga unaotuunguzia breki kwao ni chaji, ilimradi betri haijajaa. Kwahiyo ndio, safari inaelekea huko.

Ila tazama barabara yetu. Fuso na Canter zinazobeba viazi Isongole ni manyuali. Malori ya mbao ya Mafinga na Njombe mengi ni manyuali, matrekta ni manyuali, pikapu na Land Cruiser za mashirika nyingi ni manyuali, hata bajaji na bodaboda zina klachi, ipo mkononi tu. Huku kwetu manyuali itakuwepo kwa miaka mingi, itakuwa ni kitu cha kazi zaidi kuliko cha gari ya nyumbani.

Kitu kimoja cha leseni uwe nacho makini. Madaraja yetu yamepangwa kwa aina ya gari na kazi, D ni gari binafsi, C na ndugu zake ni abiria, E ni malori, hayajapangwa kwa gia. Maana yake ukishapata D yako kwa oto, siku moja mtu atakurushia funguo za manyuali akuombe umuwahishe mgonjwa, na kadi yako haitakukataza. Kataa, au tafuta dereva mwingine. Mtu ambaye hajawahi kushika klachi hajifunzii kwenye mlima akiwa na mgonjwa nyuma. Kama goti likiruhusu, baadae ukishazoea barabara chukua masomo machache ya manyuali, utayaelewa haraka kwasababu macho, vioo, kupishana na malori vyote utakuwa unavijua, imebaki klachi tu. Huo ndo mpangilio ninaoupenda siku hizi kwa mtu mwenye gari yake ya oto, kuliko kumtesa miezi na gari ambayo hataendesha.

Ukitafuta shule, nenda kwa miguu yako ukaulize, sio kwa simu. Uliza gari ya mafunzo ya oto ipo au utafundishwa ya mtu, uliza kama mwalimu upande wake ana breki, na uliza kabisa kwamba "mtanipeleka Isongole na kunirudisha nikiwa mimi ndo naendesha?" Wakisita, endelea kutafuta. Lena yako, ile leseni ya kujifunzia, iwe mkononi na alama ya L ibandikwe, na usikubali mumeo au shemeji akufundishe mwenyewe kwenye barabara kuu, kwa nia njema tu wengi wanaishia kugombana njiani na mwanafunzi anabaki na woga kwa miaka. Huo woga wako wa mteremko usiuonee aibu, mwambie mwalimu siku ya kwanza. Mpande kwanza yeye akiendesha na wewe umekaa pembeni, mkono wako upo kwenye gia unaibadilisha yeye akikwambia, usikilize injini inavyoshika. Siku nyingine ubadilishane nae, asubuhi kabla ukungu na malori havijawa vingi.

Kuhusu gari yenyewe, kabla ya safari ya kwanza ya Kyela peleka kwa fundi wa breki abadilishe oili ya breki na aangalie pedi na breki za nyuma, na oili ya giaboksi iangaliwe na mtu anayejua oto, CVT ina oili yake haikubali ya kubahatisha. Ukisikia harufu ya kuungua, au ukikanyaga mafuta injini inalia gari haiendi, au inapiga kishindo ikiingia D, usisafiri nayo. Na ikizima porini, oto haiwashwi kwa kusukumwa kama manyuali, wala usikubali ivutwe kwa kamba mpaka mjini, maana injini ikiwa imezima ile pampu ya oili ya giaboksi haifanyi kazi na inajisaga yenyewe huku inavutwa. Ita brekidauni ibebe, au angalau inyanyue matairi ya mbele kwasababu Vitz na IST nyingi injini inazungusha matairi ya mbele.

Mdogo wako sasa. Malori mapya ya Ulaya mengi yana gia zinazojibadilisha, Volvo walianza na I-Shift yao tangu 2001, na Scania wana yao, kwahiyo anaweza kuja kukabidhiwa lori lisilo na pedo ya klachi. Ila kazi ya kwanza mtu hachagui, atapewa Fuso kuukuu, na mwenye gari atampima pale pale kwenye kilima. Aanze na manyuali gari dogo, apate D, akae barabarani vya kutosha hata kama ni kuendesha pikapu ya mtu, ndipo aende VETA au chuo kingine kinachotambulika kusomea magari makubwa na kufuata E. Akae utingo na dereva mtu mzima anayeheshimu mlima, amuangalie anachofanya pale juu ya Inyala na pale juu ya Kitonga, namba anayoweka kabla pua ya lori haijainama, kwasababu lori lililojaa likishaanza kukimbia kwenye mteremko huwezi tena kulirudisha gia ndogo, gia inakataa kuingia unabaki fri. Dereva wa namna hiyo hapo Uyole hamkosi, ulizeni kwa wenye malori wamtaje wanayemuamini na mzigo wao.